Fundi Aliyevaa Shati Jeupe Kuwasha Injini

Fundi alikuwa na shati moja jeupe, na shati hilo halikuwa la kanisani. Kanisani alikuja na kaki yake yenye mabaka ya oili, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mchungaji alipoinua mikono kutoa baraka, Fundi alikuwa ameshatoka zamani. Shati jeupe alilivaa siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza injini aliyoifungua yote na kuiunga upya. Nalijua vizuri kwa sababu nililishona mimi. Nilimwuliza kwa nini avae nguo safi siku ambayo mtu mwenye akili angevaa gunia. Akanijibu, "Fundi mwenzangu, leo injini inaniona kwa mara ya kwanza. Sitaki ifikiri nimetoka shimoni."

Fundi mwenzangu ndivyo alivyoniita miaka yote, kwa kuwa nami nilikuwa fundi, wa cherehani. Baraza la duka la Bwana Salum pale Kanoni lilikuwa na pande mbili: kulia mimi na cherehani yangu na vipande vya kaniki, kushoto yeye na makopo yake ya nati. Jina lake la ubatizo nalijua. Lakini hapa nitamwita tulivyomwita, maana hata barua zake zilikuja zimeandikwa "Fundi, Kanoni", na hazikupotea hata moja.

Akiletewa gari, hakukimbilia kulifungua. Alianza kwa kumsalimia mwenye gari, na salamu zake zilikuwa ndefu: nyumbani wazima, ng'ombe wanakamuliwa, migomba ilisimama na upepo ule, kahawa imetoa maua? Huku anauliza, analizunguka gari polepole, anagonga hapa kwa kifundo cha kidole, anainama pale kunusa. Kisha anakuletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni. Ukishatafuna, ndipo anasema ugonjwa wa gari.

Siku moja alikuja dereva wa lori kutoka Bukoba, lori limezimika hapo chini ya duka, ana haraka na anailaumu mvua, barabara na aliyeichonga. Fundi akaanza salamu. Alipofika kwenye ng'ombe yule bwana akamkatiza, akafungua boneti mwenyewe, akaanza kuchomoa hiki na kile. Saa nzima ilipita, jasho linamtiririka, na Fundi amekaa juu ya jiwe anatafuna kahawa yake. Mwishowe dereva akanyoosha mikono.

"Tangi ni tupu, waitu, ndugu yangu," Fundi akamwambia. "Niliona nilipoligonga."

"Sasa mbona hukusema?"

"Tulikuwa bado kwenye ng'ombe."

Ukimsikia hivi utadhani alikuwa mtu mwenye subira. Hapana. Subira yake yote ilikwisha kwenye injini, na sisi wengine tuliambulia makombo. Nyumbani alikula ndizi hazijaiva, mkewe akiikinga sufuria kwa mwiko. Njiani alitembea mbele ya kila aliyefuatana naye, kisha akasimama kumngoja huku amekunja uso. Niliwahi kumshonea suruali. Mguu mmoja nimekunja pindo, wa pili bado, akaivuta mezani akaenda nayo harusini vile vile, kwa kuwa, alisema, watu watatazama bibi harusi. Walimtazama yeye.

Kulikuwa na mambo mengine mawili kwake ambayo watu waliyashangaa zaidi. La kwanza, alikuwa hali senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Mtu wa kwetu, mwanaume, ambaye msimu ukifika anageuza uso pembeni! Zamani zile senene walikuwa chakula cha wanaume. Sisi wanawake tulikwenda alfajiri kuwaokota kwenye majani, tukawanyonyoa mbawa, tukawakaanga, na sheria ilikuwa tusionje. Mwanamke alimwokotea mumewe, naye mume akamtunza kitambaa kipya. Mimi niliyekatazwa niliwaonja kwa siri, naye aliyeruhusiwa aliwakataa hadharani. Watu walisema amejiunga na dini isiyojulikana.

La pili, Fundi hakuendesha gari. Aliweza kuifungua injini mpaka ikabaki matundu, akairudisha ikaimba, lakini ikishawaka alimwachia usukani mwenye gari na yeye akarudi kibarazani. Ukimwomba akusogezee gari hatua tano tu, aliwaita watu walisukume.

Sababu ya mambo yote mawili ilikuwa moja, nayo ilikuwa imelala nyuma ya duka, mbuzi wakiwa ndani yake.

Lilikuwa gari la Bwana Salum. Bwana Salum ndiye mwenye duka, mzee wa kanzu na kofia ya kufuma, babu zake watu wa pwani, yeye mwenyewe akizungumza Kinyambo chetu vizuri kuliko wengi wetu. Gari lake lilikuwa la miaka ya ishirini, lenye spoki za mti, paa la turubai na taa mbili kubwa, la kuwashwa kwa hendeli. Kabla ya vita vya pili vya dunia lilikuwa fahari ya Kanoni nzima. Na dereva wake wakati huo alikuwa huyu huyu Fundi, ila hajawa Fundi bado. Safari moja ya kutoka Bukoba na mzigo wa nguo, injini ikafia mlimani, ng'ambo ya Kyaka. Dereva akamwambia Bwana Salum kwamba injini imezeeka, siku zake zimetimia. Bwana Salum akasema haya. Gari likavutwa na lori hadi nyuma ya duka, na dereva akaaga, akaenda na mkewe kutafuta kazi kwenye migodi ya bati kule Kyerwa.

Alikaa huko miaka minane. Vita vilikuja vikaisha. Mgodini kulikuwa na karakana ya mashine za kusukuma maji, akaanza kwa kufuta mikono ya mafundi, akaishia kuwa yeye anayeitwa mashine ikigoma. Aliporudi Kanoni na sanduku la spana, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa Bwana Salum na kumwomba ruhusa alifufue lile gari. Ujira hakutaka. Bwana Salum alimtazama, akawatazama mbuzi, akasema haya. Neno hilo alilipenda sana.

Mimi niliijua siri kwa sababu ya kopo. Fundi alipoifungua injini, alikuta zile beringi zinazoshika chuma kikubwa cha katikati zimeungua mpaka zimekuwa nyeusi. Akazitia katika kopo la chai, akaliweka chini ya meza yangu, si yake. Siku moja nikitafuta vifungo nikalifungua. Nikamwuliza ni nini.

"Uzee," akasema.

"Uzee gani mweusi hivi?"

Akavuta kigoda. "Si uzee. Ni ukavu. Niliua injini ya watu."

Akanieleza. Alikuwa amechelewa kuoa, na msimu ule ulikuwa wa kwanza tangu amwoe mkewe. Yeye na Bwana Salum walilala Bukoba, na usiku ule mvua ikanyesha, na asubuhi wakatua senene chungu nzima. Akajua kwamba na Kanoni wameanguka, na kwamba mkewe ameshaingia majanini kumwokotea senene wake wa kwanza wa ndoa. Kitambaa cha kumtunza alikuwa amekinunua, kimekunjwa chini ya kiti. Alitaka kufika kabla hawajapoa. Kila asubuhi alikuwa akichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Asubuhi ile hakukichomoa. Aliwasha, akapakia, akaondoka mbio, na mlimani injini ikagonga mara tatu ikanyamaza.

"Mkeo alikuokotea?"

"Kikapu kizima. Sikuweza kumeza hata mmoja."

Nilicheka, naomba Mungu anisamehe, kwa sababu sijawahi kusikia mtu mwingine duniani aliyeharibu gari kwa ajili ya senene. Naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nilimdanganya yule mzee machoni," akasema. "Nataka kumwambia. Lakini nimwendee na nini mkononi? Na kopo la uchafu? Nikiiwasha, ikamfikisha kijijini Ihembe na kumrudisha, hapo nitaweza kusema. Isipowaka, fundi mwenzangu, nitarudi Kyerwa na hutaniona tena Kanoni."

Tangu siku hiyo sikushona kwa amani. Kila akipitisha chuma mbele yangu nilikuwa naomba.

Kazi ilikwenda tangu mvua kubwa hadi kahawa ikaanza kuanikwa. Ringi na pistoni zilitoka Kampala kwa basi. Beringi alizimimina mwenyewe kwa risasi nyeupe aliyopewa na wenzake wa mgodini, akazikwangua kwa kisu siku kumi na moja, anapaka rangi ya bluu kwenye chuma, anazungusha, anatazama rangi imeshika wapi, anakwangua tena kidogo. Mahali pa gasketi ya chini, panapozuia oili isivuje, alikata kipande cha mbugu, lile gome la mti wa mtoma walilovaa mababu zetu, akaliloweka katika oili siku mbili. Mkasi uliokata ni wangu, na haujakata vizuri tangu siku hiyo. Bwana Salum alipita akauliza gari linavalishwa nguo za mazishi au za harusi. Fundi akasema ataona mwenyewe.

Injini ilipokwisha kuungwa, mimi nilidhani sasa itawashwa. Nilikuwa sijui kitu. Fundi aliifunika siku tatu kwa shuka na hakutaka mtu aizungumzie kwa sauti. Mzazi hatolewi nje siku anayojifungua, alisema. Siku ya nne akaanza matayarisho. Aliosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Oili aliichuja kwa kitambaa changu cha marekani ndipo akaimimina. Akatoa plagi zote nne, akatia katika kila tundu kijiko kimoja cha oili, kijiko cha chai cha mkewe, na akaanza kuzungusha injini kwa hendeli bila moto wowote, taratibu, akihesabu kwa Kinyambo. Alitaka oili ipande na kufika kila mahali kabla chuma hakijapata joto.

Akifika mia anapumzika, anachomoa kijiti cha oili, anatazama. Nilihesabu mimi: alikichomoa mara saba.

Kisha akaziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, akaniomba nizungushe polepole, mpaka hewa ikakisukuma kidole kikatoka kwa mlio. "Hapo. Hapo ndipo cheche inatakiwa kuingia." Nafasi ya plagi aliipima kwa wembe wangu wa kukatia uzi. Petroli aliichuja kwa ngozi laini ya mbuzi, maana ngozi ikilowa petroli hairuhusu maji kupita. Na mwisho akanifundisha kushika hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiikumbatie, kwa sababu injini ikirudisha teke inavunja mkono. Alikuwa na rafiki mgodini aliyekula kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya kidole gumba chake. Nilisikiliza yote hayo kwa makini, mtu ambaye sikuwa na gari na hata leo sina.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi. Fundi alifika na shati jeupe. Kanoni nzima ilifika pia, maana mambo ya kutazama hayakuwa mengi. Wanawake walileta vibuyu vya omuramba, ile juisi tamu ya ndizi iliyokamuliwa bado haijawa pombe ya rubisi, wakaviweka kivulini ukutani. Bwana Salum alitoa kiti chake dukani akakaa, fimbo kati ya magoti. Mwinjilisti wetu, mtu mwema asiyeweza kukaa bila kazi, aliuliza kila mara amsaidie nini Fundi.

Fundi alikuwa ameinama kwenye kabureta. "Rejeta haina maji," akasema bila kugeuka. "Niliyachuja, yako katika kibuyu pale ukutani. Nitilie."

Mwinjilisti akatia. Alikuwa na mafua wiki nzima, masikini.

Fundi akaichelewesha cheche kwa kijiti kidogo cha kando ya usukani, injini isirudishe teke, akashika hendeli, akavuta juu. Hakuna. Akavuta tena. Injini ikapiga chafya, watu wakarudi nyuma. Mara ya tatu hakuna. Mara ya nne ikashika, ikatoa moshi wa buluu, ikayumba, halafu ikatulia ikaanza kusema maneno yake sawasawa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia wazi wazi na sikuona haya. Bwana Salum hakuinuka, ila fimbo ilikuwa inagonga chini kufuata mlio. Fundi alikuwa ameinamisha sikio juu ya boneti, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa barua kutoka mbali.

Dakika tano hivi. Kisha nikasikia harufu ya ndizi zilizochemka. Nikafikiri kuna mtu anapika. Kifuniko cha rejeta kikaanza kutokota, povu la rangi ya asali likateremka kwenye taa, likadondoka chini, na nyuki wa kwanza akaja. Baada yake wakaja ndugu zake wote.

Fundi akaizima. Akachovya kidole kwenye povu, akalamba. Nilimwona rangi inamtoka.

"Nani amelinywesha gari omuramba?"

Watu waliangua kicheko ambacho sijasikia tena Kanoni. Mwinjilisti alishika kichwa. Vibuyu vilikuwa vinafanana, vyote vya shingo ndefu, na wenye omuramba walivisukuma vya maji pembeni kupata kivuli. Fundi peke yake hakucheka. Alikaa kwenye ubao wa kukanyagia, nyuki wakimzunguka, shati limedondokewa utamu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Oili nimeipima mara saba. Maji sikuyapima hata mara moja. Ni yale yale. Sukari ikiungua mle ndani, matundu yataziba, na kichwa cha injini kitapasuka. Nimeiua mara ya pili."

Mimi si mtu mkali, lakini siku hiyo nilimkemea mtu aliyenizidi umri. "Shikamoo yako ninakupa kila asubuhi, na leo nitakwambia neno. Imewaka dakika tano tu. Sukari ya dakika tano inaoshwa na maji ya moto. Mimi nafua nguo za watoto, najua utamu unavyotoka. Inuka."

Akanitazama. Akainuka.

Kila nyumba iliyo karibu ilitoa sufuria. Wanawake waliokuja kunywa omuramba wakawasha moto, maji yakachemshwa, yakachujwa kwa kitambaa, na Fundi akafungua bomba la chini ya rejeta. Yalitoka ya rangi ya kahawia na povu, yakatoka ya manjano, yakatoka ya mawingu. Mwinjilisti ndiye aliyebeba ndoo zote, hakukubali kupokewa. Kila ndoo Fundi alionja. Ndoo ya kumi na tatu alionja, akatema, akaonja tena, akampa na mkewe aonje. "Maji," mkewe akasema. Nyuki nao walikuwa wameondoka, kwa hiyo tuliwaamini wote.

Jua lilikuwa limeinama kidogo alipoishika hendeli tena. Alivuta mara moja tu.

Aliiacha ipate moto, akasikiliza, akachomoa kijiti, akapima na maji kwa kidole. Kisha akamwendea Bwana Salum, akasema, "Bwana, gari liko tayari. Nakuomba unipeleke Ihembe, tukiwa wawili." Bwana Salum akasema haya. Akakaa kwenye usukani, yeye ambaye miaka yote hiyo alikuwa hajashika usukani ila kwa kucheza, na gari likaondoka likiruka ruka, kuku wakitawanyika, Fundi amekaa kando ya mzee, mikono juu ya magoti kama mtu anayepelekwa barazani kwa mkuu wa wilaya.

Mimi peke yangu nilijua anakwenda kusema nini. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto.

Walirudi baada ya muda mrefu. Gari lilikuwa linakuja laini, bila kuruka, na nilipotazama vizuri, kwenye usukani alikuwa Fundi. Bwana Salum ameegemea, kofia imesogea nyuma. Macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Fundi alisema ni moshi. Bwana Salum akasema ni vumbi. Watu wakachukua omuramba uliobaki, wakamnywesha Mwinjilisti kwa nguvu, na sherehe ikaendelea. Sikumwuliza Fundi kilichotokea barabarani, wala yeye hakuniambia.

Baada ya hapo tulikaa baraza moja miaka mingine mingi. Aliendelea kutembea mbele ya watu na kutoka kanisani kabla ya baraka. Ila sasa aliendesha, na aliendesha polepole mno, mpaka waendao kwa miguu walimpita wakimsalimia.

Mazungumzo yetu ya mwisho yaliyokuwa marefu yalikuwa mwaka Bwana Salum alipofariki. Fundi alikuwa amehamia kibanja chake cha migomba Ihembe, miguu imevimba, hawezi kutembea mbali. Hakuweza kuja mazikoni. Nikaona si haki apate habari vipande vipande kutoka kwa wapita njia, nikatembea kutoka Kanoni kumwendea. Nilimkuta juani mbele ya nyumba, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, fundi mwenzangu. Kaa hapa. Nani alimwosha?"

Nikamweleza yote, nani alimwosha, nani alisoma, watu walivyojaa hadi kwenye migomba. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Hukuniuliza kamwe habari ya safari ile."

"Niliogopa jibu."

Akacheka kidogo. "Nilisema tulipovuka kijito. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, oili, na senene, na ule uongo wa uzee. Nikamwambia, Bwana, simamisha nishuke. Hakusimamisha. Alipanda mlima mpaka juu kabisa, ndipo akasema, 'Nilijua.'"

"Alijua nini?"

"Siku ile kule mlimani nilikwenda bondeni kutafuta maji. Mimi nikiwa chini, yeye alichomoa kijiti. Kikavu. Akakifuta kwa kanzu yake, akakirudisha, akakaa. Nikapanda na maji nikamwambia injini imezeeka, naye akasema haya."

Miaka minane, na mingine baadaye, mzee yule alikaa hatua kumi kutoka cherehani yangu na hakusema neno.

"Nikamwuliza mbona hukusema," Fundi akaendelea. "Akaniambia wanunuzi wa vyuma walimjia mara tatu, wanataka gari. Mara zote tatu aliwajibu kwamba lina mwenyewe, yuko Kyerwa anajifunza kulitengeneza. Watu wa mgodini walipokuja dukani kununua chumvi aliwauliza habari zangu. Wakamwambia nafuta mikono ya mafundi. Wakamwambia sasa nimepewa spana. Alikuwa ananingoja, fundi mwenzangu. Usifikiri nilishukuru. Nilikasirika. Nilimwambia, miaka minane nimebeba kitu hiki tumboni na wewe ungeweza kukitoa kwa neno moja. Akasema, haya, kasirika, mimi pia nilikasirika mwaka wa kwanza. Tulifika hapa Ihembe hatusemezani. Kisha akasimamisha gari, akashuka, akazunguka mbele, akafungua mlango wa upande wangu. Akasema, 'Sogea, Dereva.'"

Hapo nikakumbuka. Miaka yote baada ya siku ile Bwana Salum alimwita Dereva. Alikuwa peke yake katika Kanoni nzima. Sisi tulifikiri ni uzee, kwamba mzee anachanganya zamani na sasa, na siku moja nilimsahihisha mimi mwenyewe, nikamwambia, "Bwana, huyu ni Fundi." Alinitazama kwa upole, akaniuliza kama vifungo vyangu vimefika. Nilipolikumbuka hilo niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kwa hiyo sasa hakuna tena wa kuniita vile," Fundi akasema. Machozi yalimtoka, na mara hii hakuyatafutia sababu.

Nilikaa naye mpaka kivuli cha migomba kikatufikia. Nilipoinuka kuaga nilitaka kumwita Dereva, hata mara moja, apate kulisikia. Neno lilifika mdomoni. Nikaona si langu. Nikamwambia, "Kwaheri, Fundi," naye akaniitikia.